Mambo Kumi na Moja Niliyomwambia Shemeji

Shemeji yangu anachechemea. Mguu wake wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili, na akishuka ngazi za kanisa kwao Funyula inabidi asimame kwenye kila ngazi, ajipange, ndipo ashuke nyingine. Watu wa kwao wanasema Nairobi ndiyo ilimfanya hivyo. Mke wangu, ambaye ni dada yake, alishikilia kwa zaidi ya miaka miwili kwamba ni dereva wa pikapu. Mimi nilinyamaza, maana nilijua ni mimi.

Sikumgonga. Sikuwa hata karibu. Kosa langu ni kwamba aliniuliza swali la maana, swali ambalo mtu yeyote anayehama na pikipiki yake kutoka kwenye joto na barabara tupu kwenda kwenye baridi na msongamano angemuuliza aliyemtangulia: huko kukoje, na nijihadhari na nini? Nikamjibu mambo kumi na moja, yote ya kweli. La kumi na mbili nikalimeza. Hilo la kumi na mbili ndilo lililomvunja mguu.

Kwetu ni joto. Ni ule upande wa Busia unaoteremkia ziwani, ambako hata alfajiri mtu anatoka na shati limefunguliwa vifungo vitatu. Pikipiki zilipoanza kuingia kutoka ng'ambo ya mpaka, mimi nilikuwa wa kwanza kwetu kuwa nayo, na shemeji akawa wa tatu. Petroli tulinunua kando ya barabara, kwenye chupa za soda, na tulijifunza kuibana kama watu wanavyobana sukari. Ukifika juu ya kilima unatoa gia, unazima injini, unateremka kimya kimya mpaka darajani. Hiyo tuliiita kushuka fri. Abiria walikuwa wameshazoea. Kuna mama mmoja muuza omena aliyekuwa akinyamaza njia nzima akingoja tufike pale juu ndipo anianzie hadithi zake, kwa sababu injini ikizimwa tunasikilizana.

Halafu, si mnajua wanaume, tukaigeuza mashindano. Nani atapita daraja bila kuwasha? Nani atafika kwenye duka la saruji? Mimi nilifika mpaka kwenye kinu cha kusagia mahindi, na abiria nyuma, na debe la abiria mapajani. Hakuna mwingine aliyewahi kufika kinuni. Shemeji nilimfundisha mwenyewe. "Toa gia, zima, tulia. Na usiguseguse breki kama mwoga." Akaanza kuniita Mwalimu, na wengine wakadakia, na nilikipenda cheo hicho kuliko inavyofaa mtu mzima kupenda kitu cha bure.

Nilihamia Nairobi kabla barabara zake hazijajaa boda boda. Mwenye duka moja la uchapishaji River Road alitaka mtu wa pikipiki wa kusambaza kazi zake: kadi za harusi, vitabu vya risiti, programu za mazishi. Hizo za mazishi ndizo zilikuwa zinanitoa jasho, maana mwili ukishatoka mochari huwezi kumwambia marehemu angoje kidogo, karatasi ziko njiani. Tulipanga chumba na sebule mtaa wa Satellite, mke wangu akaweka cherehani mlangoni akawa anashona sare za shule, na mimi kila asubuhi nikawa nashika barabara ya Naivasha, Ngong Road, napita Woodley, nateremka Valley Road, naingia mjini.

Nilifika mwezi wa sita nimevaa patipati. Wee! Asubuhi ya kwanza, kutoka nyumbani mpaka Dagoretti Corner tu, sikujua vidole vyangu viko wapi. Ilibidi niangalie kwa macho nihakikishe kwamba mkono kweli uko kwenye breki. Nilipofika River Road nilishindwa kushuka, nikabaki nimekaa pale juu meno yakigongana, watu wa mikokoteni wakinipigia makelele niondoke njiani. Mzee mmoja aliyekuwa akisambaza magazeti kwa pikipiki akanitazama kwa huruma na dharau pamoja. "Kijana, hiyo kifua ni ya nani unaua hivyo?" akaniuliza. Akanivua jaketi palepale, akanivalisha nyuma mbele, zipu ikawa mgongoni, na ndani akanitandikia gazeti la jana. Upepo ukakosa mlango. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa jaketi nyuma mbele, na kila asubuhi mke wangu akawa ananifunga zipu pale mlangoni kabla sijatoka, ananipiga kofi dogo mgongoni, ndiyo ruhusa ya kuondoka.

Sasa, huyu mke wangu alikuwa amenipa sharti moja tu tulipohama. Alisema, "Siku utaanguka, hata kama ni kuanguka kidogo, hiyo pikipiki nauza mimi mwenyewe. Na usifikirie nacheza." Sikufikiria anacheza. Baiskeli yangu aliwahi kuiuza nikiwa matangani, kwa sababu tu ilinidondosha mtaroni mara mbili.

Na nilianguka. Mwezi wa tano, mwaka wangu wa pili, nilianguka Valley Road.

Mteremko ule, kwetu tungeuombea. Ni mrefu, lami safi, na kabla hakujapambazuka magari bado ni machache. Mkono wangu ulikuwa unaenda kwenye swichi wenyewe, kabla hata sijafikiri. Lakini kuna jambo moja ambalo kwetu halikuwahi kuwa na maana. Pikipiki zetu zile, taa inakula umeme wa injini. Ukizima injini, na taa inakufa. Huko kwetu nani alijali? Barabarani ulikuwa wewe na ng'ombe, na ng'ombe wanakujua. Nairobi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, manyunyu yanaanguka, ukishuka umezima hakuna anayekuona na hakuna anayekusikia. Gari lilitoka kwenye barabara ya pembeni likaingia mbele yangu kana kwamba sipo. Nikakata kona, nikaparamia ukingo wa barabara, uma wa mbele ukapinda, paja lote likachunika. Mwenye gari hakusimama, na sidhani hata alijua nilikuwepo.

Sikuipeleka Satellite. Kule kila fundi ana mtoto aliyeshonewa sare na mke wangu. Nilikodi mkokoteni tukaikokota mpaka Woodley, kwa fundi aliyekuwa akifanya kazi nje ya ua wa nyumba za zamani za kanjo, baraza la jiji. Akainama, akautazama uma, akanitazama mimi. "Ulikuwa unashuka na fri, sindio?" Nikautazama uma. "Nyinyi watu wa huko chini! Hiyo tabia yenu itawamaliza. Hapa si ushago, buda. Hapa ukizima umejizika." Nikamwomba asimwambie mtu. Akacheka, akasema mdomo wake ni wa kulia chakula tu.

Nyumbani nilisema nimeinua boksi la karatasi vibaya. Siku tatu nzima mke wangu alinikanda kwa maji ya moto huku akiwalaani watu wa karatasi, na mimi nikiitikia. Aibu gani hiyo! Ila kushuka fri nikaacha kabisa, haki ya Mungu, tangu siku ile sijazima injini mteremkoni.

Mwezi wa sita mwenye duka akataka mtu wa pili. Nikamtaja shemeji. Alikuwa na akili, aliijua pikipiki, na kwao biashara ya kubeba abiria ilikuwa imeanza kuwa ya kugombaniana. Jioni moja akanipigia nikiwa River Road, nimebana boksi la kadi kwapani, watu wananisukuma huku na huku.

"Mwalimu, nimekubali. Nakuja na pikipiki yangu. Sasa niambie huko kukoje. Baridi ni ya kweli ama watu wanatia chumvi?"

"Ni ya kweli."

"Ngoja nichukue kalamu."

Jamani, nilipenda hiyo sentensi. Nilijitegemeza kwenye nguzo ya duka la mabati, nikaanza kutoa mafunzo. Jaketi livaliwe nyuma mbele. ("Ati nyuma mbele? Na zipu nifungwe na nani?" "Na dada yako.") Gazeti kifuani, na mchana ulibadilishe kwa sababu linalowa jasho. Mikononi anza na karatasi ya mkate, halafu glavu juu yake. Patipati uache kwenu, huku ni gambuti. Asubuhi pikipiki uipe muda ingurume kwa choki, usiilazimishe. Usitoke bila chai ya moto tumboni. Kioo cha helmeti ukipake sabuni kavu, ukifute, hakitaingia mvuke. Nikaja kwenye msongamano. Basi likisimama usilipite kwa kushoto, watu wanaruka bila kuangalia. Raundabauti usishindane na mtu, jifiche nyuma ya lori, uingie nalo. Mistari myeupe ya barabarani inateleza kukinyesha, ikwepe. Na mjini usiegeshe mbele ya duka la watu, askari wa jiji wataibeba.

Nilisikia kalamu yake ikikwaruza. "Hiyo ni kumi na moja," akasema. "Ya kumi na mbili?"

Nilikuwa nayo mdomoni. Hata leo naweza kusema rangi ya nguzo ile niliyoiegemea, ilikuwa kijani iliyobambuka. Nikafikiri, nikimwambia usishuke fri, ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, atamwambia dada yake, maana hao wawili hawafichani kitu. Pikipiki itauzwa kabla ya Jumapili. Na Mwalimu, mtu wa kinuni, atakuwa ameangushwa na mteremko. Mtu kufa na tai shingoni, ndiyo hiyo.

"Hakuna," nikasema. "Ni hayo tu."

"Una uhakika?"

"Wewe njoo."

Akaja mwanzoni mwa Julai. Alilala sebuleni, akakunja godoro kila asubuhi bila kuambiwa, akaomba sala ndefu kabla ya chai mpaka chai ikapoa. Yote kumi na moja aliyafuata kama mtu anayesomea mtihani. Nilikuwa namkuta anafuta kile kioo kwa sabuni taratibu, ulimi nje. Na mke wangu sasa alikuwa na migongo miwili ya kufunga. Anaanza na kaka yake, zipu, kofi. Halafu mimi, zipu, kofi. Tunatoka tukifuatana, mimi mbele kwa sababu najua njia.

Siku ya tatu, juu ya Valley Road, nikaangalia kioo cha pembeni. Taa yake ipo. Nikaangalia tena. Taa haipo.

Nilijua. Hapo hapo nilijua. Nikafika chini karibu na Uhuru Highway, nikasimama, naye akaja akitiririka kando yangu bila mlio, macho yanamtoka machozi ya baridi, meno yote nje.

"Mwalimu! Kutoka kule juu mpaka hapa, sijaguza kitu!"

Hii ndiyo sehemu ninayoikimbia nikikumbuka. Nilicheka. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, tuko wawili tu, hakuna dada wala nani, na nilicheka. Nikamwambia, "Kinuni bado hujafika." Akafurahi kupita kiasi. Ikawa ndio mchezo wake wa kila asubuhi: mimi natangulia na taa yangu, yeye anazima kule juu, anakuja kunishtua huku chini. Kila siku nilijiambia nitamwambia Jumapili. Jumapili alikuwa kwaya. Jumatatu nikasema Jumapili ijayo. Zilipita Jumapili tatu.

Wiki ya mwisho ya Julai kukawa na ukungu, ule unaokaa chini kabisa. Nikaangalia kioo kule juu, taa ikazimika kama kawaida. Nikafika chini, nikasimama kando, nikamngoja aje na kelele zake. Likapita lori. Yakapita magari mawili madogo. Nikajiambia ameamua kuwasha, anakuja polepole. Halafu hapakupita kitu kwa muda, ndipo nikageuza pikipiki, nikapanda na ule mteremko kwa pembeni nikiwa nimekwisha jua.

Alikuwa amelala ubavu, pikipiki iko mbali naye, mguu umekaa vile ambavyo mguu haukai. Alikuwa na fahamu zake. Aliniona akasema, "Mwalimu, pole," ati mimi ndiye wa kupewa pole. Pikapu ya mboga ilikuwa imesimama mshazari, sukuma zimemwagika barabarani. Dereva wake, mzee mwenye kofia ya sufu, alikuwa ameketi kwenye ukingo ameshika kichwa. "Hakuwa na taa," alikuwa akirudia. "Haki sikumuona. Hakuwa na taa." Watu waliokuwa wakienda kazini kwa miguu walikwisha mzunguka. "Mwongo! Umelala kwa usukani! Mzee mzima unaua watoto wa wenyewe!" Mmoja alikuwa tayari ameshika kola yake.

Polisi aliyefika akaniuliza, "Wewe ndio mwenzake? Alikuwa na taa ama hakuwa?"

Nikamjibu kwa macho makavu. "Kule juu alikuwa nayo."

Ilikuwa kweli. Hakuna uongo niliowahi kusema uliokuwa mbaya kuliko kweli hiyo.

Hospitalini walimkata jaketi kwa makasi kwa mbele, kwa sababu zipu ilikuwa mgongoni na hawakuweza kumgeuza. Nikapewa nguo zake kwenye mfuko. Lile gazeti la kifuani lilikuwa limelowa. Kwenye mfuko wa suruali nikakuta karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Juu ameandika Mambo ya Nairobi. Chini yake, kwa mwandiko wake ule wa kulala, moja mpaka kumi na moja, na kila moja ameiwekea alama ya vema. Chini kabisa ameandika 12, akaweka nukta, na mbele yake hakuna kitu. Nilisimama kwenye ukumbi ule nikaisoma mpaka muuguzi akanisogeza nipishe kitanda. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Mzee wa pikapu alikuja kumwona mgonjwa siku ya pili, amebeba machungwa kwenye kapu. Mke wangu alimkuta mlangoni. Sijawahi kumsikia akimtolea mtu mzima maneno kama yale. Alimwambia apeleke machungwa yake kwa mama yake aliyemfundisha kuendesha gari akiwa amefumba macho. Mzee alivua kofia, akamwachia mlinzi lile kapu, akaondoka. Akarudi Jumamosi, akafukuzwa tena. Mimi mara zote mbili nilikuwa pale pale nimeegemea ukuta, natazama sakafu. Mzee alinitazama mara moja tu, wala si kwa hasira. Nadhani alitaka kujua kama na mimi naamini.

Shemeji alitoka na magongo mwezi wa tisa. Mifupa ilishikana vibaya, wakasema ndiyo basi. Mabaki ya pikipiki nilikuwa nimeyapeleka kwa yule fundi wa Woodley, kwa kuwa sikumjua mwingine, na siku moja shemeji akajikokota mwenyewe kwenda kuyauza kama vipuri. Nilikaa roho mkononi mchana kutwa. Akarudi jioni mtulivu sana, akala, akasali sala fupi, akalala. Nikajua fundi amefunga mdomo, nikamshukuru Mungu, ati na Mungu nikamwingiza humo. Wiki iliyofuata shemeji akarudi Funyula. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba tangu jioni ile hakuniita tena Mwalimu. Aliniita shemeji tu, kama mtu yeyote anavyomwita mume wa dada yake.

Krismasi ya kwanza tulienda ukweni, nikala, nikacheka, nikarudi. Ya pili vilevile. Ya tatu nikawa nimeketi barazani mchana, nimeletewa chai na muhogo, shemeji kwenye kiti chake amenyoosha ule mguu, mke wangu chini kwenye mkeka akibambua karanga. Akaja jirani mmoja, baba wa watoto wanne, amenunua pikipiki mpya, inang'aa bado na karatasi kwenye tangi. Alikuwa amepata kazi ya kusambaza barua Kawangware na Westlands, anaondoka Januari. Akasema ameambiwa mimi ndiye mtu wa kuulizwa.

"Huko kukoje, mzee? Ngoja nichukue kalamu."

Nilihisi baridi palepale kwenye lile joto. Lakini mdomo ukaanza wenyewe. Jaketi nyuma mbele. Gazeti. Karatasi ya mkate, halafu glavu. Jirani anacheka pale pale shemeji alipocheka. Nikafika kwa askari wa jiji, nikakomea hapo.

"Ni hayo tu?" jirani akauliza.

"Mwambie na ile ya mteremko," shemeji akasema.

Hakuinua sauti. Alikuwa anatazama mguu wake.

"Mteremko gani?" nikajitia hamnazo, nikiwa na kikombe mkononi.

"Valley Road. Mwambie vile wewe mwenyewe uliangukia pale kabla yangu." Akanigeukia. "Fundi wa Woodley aliniambia siku nilipopeleka mabaki. Hakujua kuwa sijui. Nikasema ninyamaze, utasema mwenyewe. Kila Krismasi najiambia, mwaka huu atasema."

Karanga ziliacha kulia kwenye ungo. Sikumtazama mke wangu. Nilimtazama yule jirani na kalamu yake, nikamwambia yote, maana sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kwamba ukizima injini taa inakufa. Kwamba Nairobi si kwetu, hapo mtu hakuoni na hakusikii. Kwamba nilianguka, nikaificha, nikaulizwa, nikaificha tena, nikaiona taa ya mwenzangu ikizimika kwenye kioo asubuhi baada ya asubuhi nikacheka. Kwamba polisi aliponiuliza nilimjibu ujanja. Jirani aliandika lile la kwanza tu, halafu akaacha kuandika.

Mke wangu akauliza, taratibu, "Ulianguka mwezi gani?"

"Wa tano."

"Ile ya boksi la karatasi."

"Ndiyo."

"Na yeye alikuja wa saba." Akachukua ganda moja, akalipasua, akalitazama ndani. "Na yule mzee wa machungwa nikamfukuza bure."

Hakulia, hakuiuza pikipiki yangu, hata sharti lake hajawahi kulitaja tena. Tulirudi Satellite, ananipikia, tunaongea habari za watoto na za kodi, Jumapili tunakaa benchi moja. Nilimtafuta mzee wa pikapu kwa wauza mboga wa Dagoretti na wa Kawangware, kila siku ya mapumziko, na bado sijampata.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Januari ile, nilivaa jaketi nyuma mbele, nikasimama mlangoni nimempa mke wangu mgongo, nikangoja. Nilimsikia nyuma yangu, alikuwa amekaa kwenye cherehani. Nilingoja mpaka injini niliyoiacha ikinguruma nje ikapata moto kabisa. Halafu nikalivua, nikalivaa kama watu wengine, nikajifungia mwenyewe kwa mbele. Ndivyo ninavyolivaa mpaka sasa, na kuanzia Dagoretti Corner upepo unaingia wote.